Jina Walilomficha Malaika

Kazan, 20 Oktoba 1893

Shangazi Brayna, shikamoo.

Natumaini barua hii itakukuta ukipumua vizuri, na magoti yako yamekuhurumia kidogo kabla baridi haijaingia. Sisi huku hatujambo. Hodes anakusalimu. Siku hizi hataki kuona samaki wala kusikia harufu ya kitunguu, na mkunga anasema tutegemee mtoto karibu na Pasaka. Usimtangazie mtu, najua unavyoogopa jicho la watu. Duka linakwenda. Theluji ya kwanza ikianguka, Kazan nzima inakumbuka kwamba ina miguu, na wote wanakuja kununua mabuti ya sufu siku moja, wakigombana.

Baba anakusalimu sana. Anakula vizuri.

Sasa nikwambie lililonifanya nishike kalamu. Mwezi uliopita polisi walipita kukagua haki ya kukaa ya kila nyumba ya Kiyahudi mtaani kwetu. Nadhani kuna mtu aliwaandikia. Simtaji, ila anauza mabuti ng'ambo ya njia, na mabuti yake yanavuja. Unajua sisi tunakaa huku nje ya Mpaka, ambao Myahudi wa kawaida haruhusiwi kuuvuka, kwa sababu moja tu: Baba alichukuliwa jeshini akiwa mtoto, akamtumikia Tsari Nikolai mpaka mifupa ikamuuma, na sheria inawapa askari wale na vizazi vyao ruhusa ya kukaa popote. Karatasi zake za kuachiwa jeshi ziliungua mtaa ulipowaka moto, kabla mimi sijazaliwa. Polisi wakamwandikia nyingine kwa jina ambalo kila mtu alimwita, Alter Drabkin, na tangu hapo hakuna aliyeuliza.

Safari hii wameuliza. Wamepeleka swali kwenye masjala ya serikali ya jimbo, ambako zimehifadhiwa kumbukumbu za askari wote Wayahudi waliopewa haki ya ukaazi. Masjala imejibu kwamba askari Alter Drabkin hayumo na hajawahi kuwamo. Tumepewa mpaka tarehe mosi Machi kuthibitisha, la sivyo tutarudishwa ndani ya Mpaka kwa kusindikizwa na askari, kutoka gereza hadi gereza, pamoja na wezi.

Nilikwenda kumlilia mzee Shaye, yule mpiga ngoma wa zamani anayefungua nyumba ya sala ya askari, naye akanitobolea jambo nisilolijua. Anasema Baba alipougua homa ya matumbo, mara tu baada ya kutoka jeshini, Mama aliwaita wanaume kumi wakambadilisha jina kitandani. Wakamwita Alter, yaani mzee, ili Malaika wa Mauti akija kumtafuta kijana wa lile jina la kwanza akute kitanda kina mtu mwingine. Kisha Mama akawaapisha wote wasilitaje tena. Na moto ulipokuja, ni Mama huyo huyo aliyewaambia polisi aandikwe Alter. Shaye anasema alilisahau jina hilo kwa makusudi, na sasa hata akilitaka halimrudii. Wengine tisa wamekwishazikwa.

Umebaki wewe, shangazi. Wewe ni dada yake, ulikuwepo siku alipozaliwa. Niandikie jina la kwanza la Baba, neno moja tu. Yeye mwenyewe sitaki kumsumbua na habari hizi. Anakula vizuri.

Wako, Nison


Shklov, mshumaa wa tatu wa sikukuu ya Hanuka

Nison mwanangu, uishi mpaka miaka mia na ishirini.

Marahaba. Barua yako ilikaa njiani hadi nikaanza kudhani inakuja kwa miguu. Mimi ni mzima, ukiacha magoti, na magoti siku hizi nayahesabu kuwa ni ya mtu mwingine. Tumechinja bata bukini wanne, mafuta yamejaa mtungi mkubwa. Bintiye fundi vioo ameolewa na yule mwalimu mwenye kikohozi. Niliwaonya, hawakusikia, na sasa wote wawili wanakohoa. Mwambie Hodes ale kichwa cha kitunguu hata kama hakitaki, na afunge uzi mwekundu mkononi, na akisifiwa ateme mate mara tatu. Nimefurahi mpaka nimelia, lakini hilo nimelisema kwa sauti ndogo.

Nakutumia soksi. Usimpe Shaye.

Habari ya lile uliloniuliza. Mama yako Tsivya, apumzike kwa amani, hatukupatana hata siku moja. Alikuwa anatia sukari kwenye samaki kama watu wa Poland. Lakini katika jambo lile alifanya sawasawa. Aliniandikia mwenyewe: tangu leo huna ndugu wa jina hilo, usimwite hivyo hata moyoni. Nami sijamwita. Malaika alikuja na anwani mkononi, hakumkuta mwenyewe, akaondoka. Wewe leo unaniomba nimwandikie anwani upya na kuitia stempu.

Wapeleke mashahidi. Wapeleke mabuti ya sufu, maofisa nao wana miguu. Kuna njia mia.

Na nikuulize kitu. Umeniandikia mara mbili katika barua moja kwamba ndugu yangu anakula vizuri. Mtu anayekula vizuri hatajwi mara mbili. Anaumwa nini?

Shangazi yako Brayna


Kazan, 12 Desemba 1893

Shangazi, shikamoo.

Soksi zimefika na Shaye hakuzipata. Hodes anashukuru, uzi mwekundu ameufunga, na mkunga anasema mtoto anapiga mateke kama anayedai haki yake. Volga imeganda, mikokoteni inavuka juu yake. Biashara nzuri.

Umenikamata, basi nisizunguke. Baba anaumwa kifua tangu Sikukuu ya Vibanda. Alikaa kibandani siku zote kwenye baridi, akimtania kila aliyekimbilia ndani. Sasa analala nyuma ya jiko, usiku anakohoa, mchana anasinzia. Tabibu ametukataza kumpa habari yoyote ya kumshtua. Ndiyo maana hajui lolote kuhusu polisi, na ndiyo maana nakuuliza wewe badala ya kumuuliza yeye. Nilificha kwa sababu nilijua ukisikia utaogopa. Nisamehe.

Mashahidi nimepeleka. Hawatakiwi. Nimekwenda mwenyewe kwenye masjala ya jimbo, na nikueleze ilivyo, maana ukiiona kwa macho yangu labda utanielewa. Ni chumba kirefu chini ya jengo la serikali, makabati kutoka sakafuni hadi darini. Mwenye makabati ni Bwana Porfiri Lukich, Mrusi mwembamba mwenye wino mpaka sikioni. Hana ubaya, ila anazipenda kanuni kama wengine wanavyopenda paka. Kumbukumbu za askari wetu anazo kabati zima. Nikamwomba anisomee akina Drabkin wote, nitawajua. Akasema akifanya hivyo, kesho Kazan nzima itakuwa akina Drabkin. Kanuni yake ni kwamba mwombaji anataja kwanza, kabati linafunguliwa baadaye. Ukitaja sawa, unapewa hati. Ukikosea, unaandikwa mdanganyifu, na ombi la pili halipokelewi. Kwa hiyo siwezi kubahatisha.

Nikamwambia baba yangu yu hai, lakini kuna jina ambalo hatuwezi kulitaja. Akaweka kalamu chini, akaniambia, "Kijana, hapa ndani mna majina elfu thelathini, na sijawahi kuona moja likimuua mtu."

Yeye ni Mrusi, hajui. Mimi najua, shangazi, wala sikucheki. Lakini Hodes atakuwa mwezi wa nane tarehe mosi Machi, na Baba kwenye theluji, kati ya askari wawili, hatafika hata kituo cha kwanza. Malaika hatahitaji anwani. Niandikie.

Nison


Shklov, Jumapili baada ya mwaka mpya wa Warusi

Nison mwanangu.

Leo sina habari ya bata wala ya harusi. Niko mzima na Hodes mpe salamu, yatosha.

Ulivyoniambia kwamba ni mgonjwa ndipo umenifunga mdomo kabisa. Nilikuwa nimeanza kulegea, nakwambia kweli. Nilikuwa nimenunua hata karatasi. Sasa je, nimtaje wakati amelala na kifua kibovu, mlango wazi, Malaika anapita mtaani na masikio yake? Ndicho unachotaka nikifanye kwa mikono yangu?

Nitakuambia kitu nisichowahi kumwambia baba yako. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, yeye tisa. Walikuja wakamataji wa watoto wa kupelekwa jeshini, uani kwetu, wakati wa kupika mkate wa Sabato, watu wetu wenyewe, watu wa jumuiya, na karatasi. Yule mkubwa wao alisimama penye kisima akalisoma lile jina mara moja tu, na mdogo wangu akatoka nyuma ya banda la kuku, kwa sababu alifundishwa kuitika akiitwa. Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo, lakini hakukanda tena mkate wa Sabato, nilikanda mimi. Hiyo ni mara ya kwanza kuitwa. Mara ya pili aliitwa na homa. Mara zote mbili walioita hawakuwa wanamtakia heri, na mara zote mbili lilikuwa ni jina hilo hilo. Mara ya tatu mwitaji sitakuwa mimi.

Nakupenda wewe, na kichanga chako nakipenda kabla sijakiona. Njooni Shklov. Chumba kipo, jiko lipo, mafuta ya bata yapo. Si jambo la kufa.

Brayna


Kazan, 3 Februari 1894

Shangazi.

Shikamoo. Salamu ni hizo.

Si jambo la kufa, unasema. Shklov hamna kazi hata kwa waliozaliwa huko. Watu wanauziana kamba ile ile mwaka mzima. Lakini hiyo si hoja. Hoja ni njia. Amri imeandikwa, imebaki kuletwa. Wakituchukua, hatuji kwako kwa gari moshi na samovari ya chai mapajani. Tunakuja na wafungwa, mwezi mzima, na Hodes akitembea na tumbo lake. Nimemwona mmoja aliyerudishwa hivyo. Alifika bila mke.

Unamlinda mmoja na kututupa watatu njiani, na huyo mmoja pia yumo njiani pamoja nasi. Nimekuomba kwa adabu mara mbili. Ningekuwa najua kukulazimisha ningekulazimisha.

Hodes amenikataza kuipeleka barua hii, anasema ni kali. Naipeleka.

Nison


Shklov, Ijumaa asubuhi, sikukuu ya Purimu ikiwa bado wiki tatu

Nison, kichwa kigumu kama babu yako.

Barua yako nimeisoma nimesimama. Kisha nikakaa. Kisha nikaisoma tena, nikakutukana, nikavaa koti.

Nilikwenda kwanza kwa rabi. Nikamweleza. Akauliza ugonjwa ni gani, akauliza tarehe, akashika ndevu. Akasema Mbingu haihitaji posta ya Shklov ili ijue nani yuko wapi. Nikamjibu kwamba ni rahisi kwake kusema, yeye ana ndugu watano. Akacheka, kisha akaona sicheki, akaniambia nifunge siku moja na niende nikamwambie mama.

Nilifunga. Nilikwenda makaburini na theluji ikinifika magotini, yale magoti ya mtu mwingine. Nikamwambia mama yote: polisi, kabati, Mrusi mwenye wino, Hodes. Nikamuuliza, nimwite? Maiti hawajibu, na mimi si mwehu. Lakini wakati nimesimama pale nilifikiria kitu ambacho kwa miaka hii yote sikukifikiria. Yule mkamataji penye kisima alimwita ili amtoe nyumbani. Wewe unataka aitwe ili abaki nyumbani. Labda jina moja linaweza kutumika kwa kazi zote mbili, kama kisu.

Kwa hiyo jina limo kwenye kikaratasi kilichokunjwa ndani ya bahasha hii. Nimeliandika, sikulitamka. Usikifungue ndani ya nyumba anamolala. Ukimaliza kichome.

Naogopa, Nison. Naogopa sana. Barua hii inakimbizana na tarehe mosi na najua njia ilivyo. Nimemwambia mtu wa posta nitamlaani akichelewa, na anajua kwamba mimi naweza.

Shangazi yako


Kazan, 21 Februari 1894

Shangazi yangu mpenzi, shikamoo mara elfu.

Kaa kwanza. Weka kitu chini ya magoti. Baba yu hai, Hodes yu mzima, mtoto anapiga mateke, na sisi hatuendi popote. Sasa soma taratibu.

Barua kutoka kwako sijapata tangu ile ya Januari. Nilikwishakata tamaa na wewe, nakuambia bila kuficha, na nilikuwa nimeanza kufunga mabuti kwenye magunia. Juzi asubuhi askari polisi akaja na amri. Sheria inataka aisome kwa sauti mlangoni. Nilimwekea kidole mdomoni, nikamwonyesha jiko, nikamnong'oneza kwamba kuna mgonjwa. Akaitikia kwa kichwa, mtu mwema kabisa, kisha akaisoma yote kwa sauti ya gwaride, maana hajui sauti nyingine.

Alipoondoka, nikasikia kitanda kikilia nyuma ya jiko. Halafu Baba akauliza, "Nison, nani anaondolewa?"

Ningefanya nini? Nilikaa kitandani kwake nikamwambia yote tangu mwanzo: jirani, masjala, Shaye, barua zangu kwako na majibu yako. Nilipofika kwenye kile kisima nilimtazama kwa woga. Akasema, "Kumbe anakumbuka banda la kuku." Kisha akaanza kucheka, shangazi, akacheka mpaka akakohoa, Hodes akaja mbio na maji. Akasema wewe na Mama mmemficha vizuri kiasi kwamba yeye mwenyewe alisahau kuwa amejificha.

Akaomba koti lake la jeshi. Hodes alisimama mlangoni na tumbo lake, akamwambia hapiti mtu. Baba akamwambia kwa upole, "Mwanangu, huyo Malaika anaujua mtaa huu kuliko mtu wa posta. Mwezi uliopita alikuja kumchukua jirani wa chini. Angenitaka asingepita mlango huu bila kubisha." Hodes akalia, lakini akampisha, akamfunga shali mbili.

Tukapanda sleji ya farasi ya kukodi. Njia nzima Baba hakusema neno. Nilidhani anaomba. Baadaye aliniambia alikuwa analijaribu ndani ya mdomo, kwa sababu hakulitumia kwa miaka mingi na aliogopa kulivunja.

Masjala ilikuwa na watu: makarani, mfanyabiashara mmoja Mtatari na kesi yake ya kiwanja, mjane wa ofisa. Bwana Porfiri Lukich akatuketisha kwenye benchi. Akachovya kalamu. Akamkumbusha Baba kanuni: unataja mara moja, ukikosea ni basi. Akauliza, "Jina?"

Baba akasema, "Getsel. Getsel mwana wa Nohem, Drabkin, wa Shklov, jimbo la Mogilyov."

Alilisema kama mtu anayetema kokwa ya tunda aliyokaa nayo shavuni siku nzima. Nami shangazi, nina miaka ishirini na mitatu, nina duka, nina mke, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kulisikia jina la baba yangu. Nilishika benchi. Niliangalia mlangoni, sikufichi. Aliingia karani na chai.

Porfiri Lukich akaenda kwenye kabati. Alikaa huko hadi mjane akaanza kusinzia. Nilimsikia akifungua kamba, akifunga, akifungua nyingine, akipiga chafya ya vumbi. Jasho lilikuwa linanitoka na nje baridi inapasua mawe. Baba alikuwa anatazama dari kama mtu anayesubiri kinyozi.

Yule Mrusi akarudi na jalada mkononi. Hakuketi. Hakusema limepatikana wala halikupatikana. Alisimama katikati ya chumba, akanyanyua karatasi mbele ya miwani, akasoma kwa sauti kubwa, kama wanavyoita majina kambini, "Askari Drabkin, Getsel, mwana wa Nohem."

Na Baba, shangazi, ambaye kwa miezi minne hakuweza kunyanyuka bila kushikwa, aliruka kutoka kwenye benchi. Visigino pamoja, kidevu juu, shali zikaanguka chini. "Nipo, mheshimiwa!"

Makabati yaliitikia. Mjane akaamka. Mtatari naye akasimama, sijui kwa nini, na makarani wakasimama kwa sababu yeye amesimama.

Porfiri Lukich akaendelea kusoma: amechukuliwa Shklov akiwa na miaka tisa, ametumika, amepigana Sevastopol, amepewa haki ya ukaazi popote katika dola, yeye na vizazi vyake. Alama za mwili: risasi juu ya goti la kushoto, imetokea nyuma. Kisha akamtazama Baba, akatazama goti. Baba alikuwa amevaa suruali mbili na mabuti yetu ya sufu, yale marefu. Tulihangaika hapo sakafuni, mimi navuta buti, Baba ananitukana kwa maneno ya kijeshi ambayo sikujua anayajua, makarani wanashika taa. Hatimaye goti likatoka. Porfiri Lukich akainama hadi pua ikakaribia kuligusa, akatazama mbele, akazunguka akatazama nyuma.

Akasema, "Ndiye." Halafu akauliza, na hapo sauti yake haikuwa ya kanuni, "Ulikuwa wapi miaka yote hii, askari?"

"Nilikuwa naumwa, mheshimiwa," Baba akajibu.

Hati nimeishika mkononi wakati naandika, kwa mkono wa kushoto, siwezi kuiweka chini. Ina muhuri wa serikali ya jimbo. Inasema Getsel Drabkin, aitwaye pia Alter, na wanawe, na wana wa wanawe, wana haki ya kukaa Kazan na mahali popote pengine. Polisi wamefuta amri mbele yangu kwa mistari miwili. Jirani wa ng'ambo amekuja kutupongeza, na uso wake ulikuwa kama aliyevaa mabuti yake mwenyewe.

Nimefurahi kupita kiasi. Sijui namna nyingine ya kuandika. Tumeshinda, shangazi.

Nison mwana wa Getsel

Nyongeza: Baba amekula sahani mbili za uji wa nafaka, na hii nakuandikia mara moja tu.


Shklov, siku ya Purimu

Nison mwanangu, na wewe uliye nyuma ya jiko.

Marahaba. Barua zetu zimepishana mahali fulani, labda ziliamkiana. Yangu itakuwa imewafikia sasa na utaona nilikubali, lakini nimechelewa na mtu wa posta nimemlaani.

Yako imenifikia jana. Nilipofika pale baba yako alipolitaja jina, nilifumba macho nikairuka mistari, nikaisoma iliyofuata. Nilipoona anatembea bado na anatukana, nikarudi nikasoma. Kisha nilikaa dirishani mpaka leo nasubiri telegramu ya msiba kutoka Kazan. Haijaja. Nimeupiga mlango wa kila mwanamke ninayemjua. Nimewaambia wote, mke wa fundi vioo mara mbili. Leo watu wanadhani nimelewa kwa sababu ya sikukuu. Waache wadhani.

Sasa kaa kando, nataka kuzungumza naye.

Mdogo wangu. Nimekaa miaka mingi bila kukuita. Nilipokuwa nakutumia salamu nilikuwa namsalimu huyo Alter, mtu mwema, kama shemeji wa hivi hivi, simjui sana. Leo nimetoka uani. Banda la kuku halipo tena, kisima kipo. Nilisimama pale pale aliposimama yule mshenzi na karatasi yake, nikakuita kwa sauti yangu yote. Kuku waliruka. Rabi alichungulia. Nilikuita, Getsel, ili ukae ulipo.

Mafuta ya bata nayatuma na mtu anayekuja sokoni Nizhni. Jipake kifuani.

Dada yako Brayna


Kazan, 20 Aprili 1894

Shangazi yetu, shikamoo, na shikamoo ya mtu mpya ambaye hajajua kusema.

Ni mvulana. Alizaliwa katikati ya Pasaka, akataka maziwa kabla ya kulia. Hodes yuko salama, analala, uzi mwekundu sasa uko kwenye kitanda cha mtoto. Barafu ya Volga imeondoka, meli zimeanza kupiga honi. Mafuta yako yalifika. Baba alijipaka nusu, nusu alipaka mkate.

Kikaratasi chako pia kilifika, baada ya kila kitu. Sikukifungua. Nilimpa Baba, naye akakigeuza geuza, akasema dada yake hajawahi kumwandikia kitu kifupi hivi, akakitumia kuwashia kiko.

Jana tulimtahiri mtoto. Nyumba ya sala ilijaa. Shaye alipiga ngoma mezani mpaka akatolewa nje. Porfiri Lukich alikuja pia, akiwa na miwani na keki, akasimama nyuma, na wino wake sikioni. Baba ndiye aliyemshika mtoto magotini, juu ya goti lile lile, amevaa koti lake na kifua kimenyooka. Kikohozi kimebaki cha kusingizia tu, anakitumia asipotaka kujibu.

Ilipofika wakati wa kumpa mtoto jina, kukawa na minong'ono. Hodes ana mjomba mmoja kutoka Nizhni, alikuwa amekunywa, akasimama akasema baada ya habari zote hizi jina ni moja tu, mtoto aitwe Getsel. Watu walishtuka. Unajua kwetu mtoto hapewi jina la mtu aliye hai. Jina huachwa na maiti ndipo linachukuliwa. Mjomba mwenyewe alipokumbuka alikaa chini uso umemwiva, na chumba kizima kikamgeukia Baba, na mimi nikasikia woga ule wa masjala.

Baba alimrekebisha mtoto mikononi, bila haraka. Akasema aitwe Nohem, kama baba yenu.

"Getsel haliwezekani," akasema, kwa sauti iliyofika mpaka kwa Shaye huko nje. "Jina hilo lina mwenyewe, na mwenyewe ana hati ya kukaa."

Nison